Tahadhari: machubwi ya "gramu 100" ambayo hayafiki hata 65

Ndugu wavuvi, kuna muuzaji wa mtandaoni anayeuza seti za kurambazia: chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi, hapa cha madini ya risasi), kiungo cha kuzunguka kinachozuia mshipi usisokoteke, na ndoano, vyote vimeshafungwa, kazi yako ni kuburura nyuma ya mashua. Picha zake nzuri, anajibu haraka, na anataka malipo yote kabla hajatuma mzigo. Mimi amenipiga changa la macho. Sitaki mwingine aingie mkenge huo huo.

Nilichukua seti kumi zilizoandikwa gramu 100, "risasi tupu". Nilizitaka kwa kina cha mita 10. Wengi tunakadiria gramu 30 hivi kwa kila mita 3 za kina, chombo kikienda polepole ziwani. Mtoni penye mkondo unaongeza. Asubuhi nzima nilizunguka, mkono ukisubiri ile tu, tu, tu ya chubwi likigonga mawe ya chini. Kimya. Nikaachia mshipi zaidi, nikapunguza mwendo, wapi! Nikajilaumu kwamba nimekosea kina.

Niliporudi nikaliweka chubwi kwenye mizani ya jikoni: gramu 63. Nikapima yote kumi, hakuna lililofika 65. Nikakwangua rangi nyekundu kwa kisu, nikabonyeza ukucha kwenye sehemu iliyobaki wazi. Haukuacha alama. Risasi ni laini, ukucha unaichora. Sumaku nayo haikunasa, kwa hiyo si chuma cha kawaida. Ninavyoona, kalibu ni ya risasi ya gramu 100 ila kilichomiminwa humo ni zinki au kitu cha jamii hiyo. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3, ya zinki 7.1. Piga hesabu, utaangukia 63 hiyo hiyo.

Nilipomwandikia, akasema ameondoa risasi ili kulinda mazingira. Hapa ndipo wengi watanaswa, maana hoja yenyewe ina ukweli. Risasi ni sumu. Uingereza ilipiga marufuku machubwi madogo ya risasi mwaka 1987 kwa sababu batamaji walikuwa wakiyameza na kufa. Chubwi lisilo na risasi ni jambo jema, hata mimi ningelinunua. Lakini likiandikwa gramu 100 liwe na gramu 100, na kwa hiyo litakuwa nene kuliko la risasi, si umbo lile lile. Nikamjibu hivyo. Akanifungia mawasiliano.

Viungo vyake vya kuzunguka navyo ni bure. Ukivichezea kwa vidole vinazunguka vizuri, ukivivuta kwa nguvu vinakwama. Mshipi wangu ulirudi umesokoteka, nikiulegeza kidogo tu unajikunja vitanzi, nikalazimika kukata mita nyingi na kuzitupa. Ndoano sikuzijaribu, sikupata samaki wa kuzijaribia.

Kwa hiyo kabla hujalipa, mwambie muuzaji yeyote apige video akiliweka chubwi kwenye mizani mbele yako, si picha. Huyu wangu nilimwomba baadaye, hakuthubutu.

Mzigo ukishafika na umeambiwa ni risasi, kuna kipimo kisichohitaji kukwangua rangi. Kwanza lipime uzito, uwe gramu 100 kweli. Halafu weka kikombe cha maji kwenye mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha litumbukize chubwi likining'inia kwa uzi bila kugusa kikombe. Risasi ya gramu 100 itapandisha mizani kwa gramu 9 hivi. Zinki yenye uzito huo huo itapandisha 14.

Tangu wiki iliyopita amerudi kwa jina jingine, ila picha ni ile ile: machubwi sita mekundu yamepangwa juu ya ubao, la pili kutoka kushoto limechubuka rangi kwenye ncha. Ukiiona picha hiyo usitume hela, na kama umeshatuma, pima kabla hujathibitisha kwamba umepokea.