Kabla hujalipia: wapi pa kutafutia makala za tasnifu

Muhula ukianza tu, wadogo zangu wa chuo wananiuliza: kaka, nilipie mtandao gani nipate makala za utafiti? Nawajibu, usilipie kitu mpaka umalize ulichokwisha kulipia kwenye ada.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni akaunti ya maktaba. Vyuo vingi Tanzania vimo kwenye Research4Life, mpango ulioanza 2002 na majarida ya afya, ukaongeza kilimo, mazingira na hata sheria. Makala ambayo mchapishaji anaiuza dola 30 na zaidi, humo unaisoma bure. Nenda kwa mkutubi na kitambulisho, omba nywila, na usiondoke kabla hujauliza kama inafanya kazi ukiwa gheto. Wengi wanakwama hapo: wanakuja kugundua saa nne usiku kwamba inakubali kwenye wifi ya chuo tu.

Ya pili ni Google Scholar, ambayo wengi wanaitumia nusunusu. Tuseme unaandika kuhusu kilimo cha mwani. Andika seaweed farming Zanzibar, maana ukiandika kwa Kiswahili utapata machache. Makala ya kwanza ikikudai hela, usiifunge. Kwenye orodha ya matokeo ya Google Scholar, shuka chini ya muhtasari wake, bonyeza matoleo yote. Mara nyingi mwandishi ameweka nakala ya bure kwenye hazina ya chuo chake. Kisha bonyeza idadi ya waliomnukuu, uone nani wamemjibu miaka ya karibuni. Mbinu hizo mbili zimeniokolea bando kuliko kitu kingine chochote.

AJOL (African Journals Online) naiweka ya tatu, ila kwa mada ya kwetu inaweza kuruka hadi ya kwanza. Ipo tangu 1998 na inakusanya majarida ya Afrika pekee. Kwa huo huo mwani, humo utakuta Western Indian Ocean Journal of Marine Science, jarida la WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa ukanda huu, wenyewe ofisi yao iko Zanzibar. Kasoro yake ni kwamba si kila jarida humo ni la bure, na kisanduku chake cha kutafutia si kikali.

CORE na BASE, mitandao inayotafuta makala kwenye hazina za vyuo, ni za kukimbilia hizo tatu zikigoma. Semantic Scholar, mtandao mwingine wa kutafutia makala, ina sentensi moja ya muhtasari chini ya makala nyingi, inayokusaidia kuamua kama faili la MB 8 linastahili kupakuliwa.

Akili bandia? Nikiandika shahada ya pili, programu moja ilinipa marejeo kumi yaliyopangwa vizuri kabisa. Msimamizi akataka kuona manne. Mawili hayakuwepo duniani. Siku hizi naitumia kupata maneno ya kutafutia tu, majina ya waandishi nayathibitisha mwenyewe.

Ya mwisho ni Kagi, mtambo wa kutafutia kama Google, ila wa kulipia kweli: dola 5 kwa mwezi unatafuta mara 300, dola 10 bila kikomo. Haina matangazo na matokeo yake ni safi, sibishi. Ila makala iliyofungwa na mchapishaji itabaki imefungwa vilevile. Hiyo hela weka bando.