Vitasa vya mlango wa nyumbani: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Nilipokuwa nimepanga Tandika, jirani yangu wa chumba cha nne alirudi usiku umeme umekatika. Akatia ufunguo, mlango ukafunguka, akaingia, akakaa kitandani. Kitanda kilikuwa changu. Tulicheka sana usiku ule. Asubuhi tulizungusha funguo za nyumba nzima tukakuta vyumba vitatu kati ya sita vinafunguana, na kicheko kikaisha. Mwenye nyumba alikuwa amenunua vitasa vyote duka moja, vile vya bei ya chini kabisa, na kila boksi lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba kilichomo ni imara.

Tangu siku hiyo sinunui kitasa kwa jinsi kinavyong'aa. Na sianzi na kitasa, naanza na mlango.

Mwenye mtaimbo hana haja ya kuchezea tundu la ufunguo. Anaupenyeza kati ya mlango na fremu, anakandamiza, na kinachoachia ni kile kilicho dhaifu kuliko vyote: mbao, fremu au skrubu. Mlango wa mninga au mkongo wenye unene wa milimita 44 na kuendelea, kama ile ambayo mafundi wa Keko hukutengenezea ukiwapa vipimo, unaweza kubeba kitasa cha kuchimbia, yaani kinachozamishwa ndani ya unene wa mlango, bila kulegea. Ule wa plaiwudi mbili zenye uwazi katikati ukishauchimba pembeni unabaki ganda. Hapo hata kitasa cha ghali kuliko vyote Kariakoo ni pambo. Ukiwa na mlango kama huo mbele ya nyumba, pesa ya kwanza iende kwenye mlango, au kwenye grili ya nje, ndipo tuzungumze vitasa.

Mlango ukiwa sawa, mimi navipanga hivi.

Cha kwanza: kitasa cha kuchimbia, liva tano

Liva ni vibati vyembamba vilivyopangwa ndani ya kitasa kama kurasa za daftari. Kila kibati kina kimo chake. Ufunguo sahihi hukiinua kila kimoja hadi kimo hicho, ndipo ulimi, kile chuma kinachotoka kuingia kwenye fremu, unapita. Kikiinuliwa pungufu, ulimi haupiti. Kikizidishwa, haupiti vilevile. Wazo hilo la kukataa hata kuzidisha ni la Mwingereza Robert Barron, 1778, na ndilo unalouziwa hadi leo.

Sasa kwa nini ufunguo wa jirani ulifungua kwangu? Piga hesabu. Tuseme kila kibati kinaweza kukatwa kwa vimo vinne tofauti. Kitasa cha liva tatu kitakuwa na namna 64 tu za ufunguo. Cha liva tano kitakuwa na 1,024. Kiwanda kikimwaga maelfu ya vitasa vya liva tatu mjini, na ndani yake vibati vyenyewe vimekatwa kwa uvivu, funguo lazima zikutane. Ndiyo maana kiwango cha Uingereza cha vitasa vya milango ya nje, BS 3621, kinadai namna zisizopungua 1,000, ulimi unaotoka milimita 20, na kinga dhidi ya drili.

Kwa hiyo ukifika dukani usiombe "kitasa kizuri", maana utapewa kinachotakiwa kuisha. Sema: liva tano, BS 3621. Alama hiyo itafute kwenye bamba la kitasa chenyewe, kwa sababu boksi huchapishwa popote. Kisha toa ulimi kwa ufunguo uupime kwa rula. Ukitoka milimita 12, mrudishie. Shika kitasa mkononi pia. Kilichojaa chuma kina uzito wake. Mimi hubeba kasumaku nilikokachomoa kwenye spika mbovu. Kinachouzwa kama shaba tupu kikinasa sumaku, ujue ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na kwa chumvi ya hewa ya Kigamboni, Tanga au Mombasa kitaanza kutoa kutu muda si mrefu.

Ukiwa unabadilisha kitasa cha zamani, kichomoe uende nacho. Vitasa vingi vya aina hii huzama ndani ya mlango inchi mbili na nusu au inchi tatu, na ukikosea, fundi ataongeza tundu na kuziba lile la zamani kwa vumbi la mbao na gundi. Hapo umeudhoofisha mlango mahali pale pale ulipotaka kuuimarisha.

Liva tatu nakiweka wapi? Chumba cha ndani, stoo ya ndani. Mlango wa nje, hapana.

Cha pili: kitasa cha silinda

Hiki ni cha ufunguo bapa wenye meno madogo, na ndani yake mna pini ndogo zinazosukumwa na springi. Kwa milango ya alumini na mingi ya chuma inayoingizwa siku hizi hicho ndicho kitasa chako, na pale nakipandisha nafasi ya kwanza. Uzuri wake mkubwa ni kwamba ufunguo ukipotea, au mpangaji akihama nao, unabadilisha silinda tu. Skrubu moja, dakika kumi, mwili wa kitasa unabaki.

Ubaya wake uko kiunoni. Silinda ina tundu la skrubu katikati, na hapo ndipo chuma ni chembamba. Ikichomoza nje ya bamba la mkono wa mlango, mtu anaikamata kwa koleo, anaivunja kama muwa. Hivyo pima kabla ya kununua: kutoka tundu la skrubu kwenda nje, na kutoka tundu hilo kwenda ndani. Pande mbili si lazima zilingane, ziko za 30 kwa 30, 35 kwa 45 na kadhalika. Upande wa nje usizidi bamba kwa zaidi ya milimita 3. Ukikuta silinda yenye alama ya nyota tatu za TS 007, kiwango kingine cha Uingereza, hiyo imetengenezwa kuhimili kuvunjwa na kutobolewa. Bei itakuuma, lakini ni kipande kidogo tu unachonunua, si kitasa kizima.

Cha tatu: kitasa cha grili na geti

Kile kikubwa kinachobandikwa upande wa ndani wa chuma, ukizungusha ufunguo mara mbili au tatu ulimi unazidi kutoka. Kwa grili nakipenda kuliko kufuli, kwa sababu nje hakionyeshi kitu isipokuwa tundu. Mwambie fundi wa kuchomelea azibe kwa bati nene nafasi inayozunguka kitasa, mkono wa mtu usipenye kati ya nondo. Na asichomelee kitasa kikiwa mahali pake: moto wa kuchomelea ukipita karibu, springi za ndani zinalegea, na kitasa kipya kinakuwa kizee siku hiyo hiyo. Achomelee kibati cha kukishikia kwanza, kitasa kifungwe kwa bolti baadaye.

Cha nne: kufuli

Sina ugomvi na kufuli. Kwa fremu ya duka, stoo ya nje, banda la kuku, kufuli ndiyo jibu. Kwa mlango wa nyumba ina kasoro mbili. Ya kwanza, kufuli inayoning'inia nje inamtangazia kila apitaye kwamba wenyewe hawapo. Ya pili, kinachokatwa mara nyingi si kufuli bali kipete kilichoishikilia. Nimeona kufuli nene kama ngumi imefungwa kwenye kipete cha waya wa milimita 6.

Ukinunua, chagua ile ambayo U yake ya chuma imefichwa na mabega ya mwili wake, mkasi wa nondo ukose pa kuuma. Kufuli za viwango vya Ulaya hupangwa na EN 12320 kwa daraja 1 hadi 6, na 6 ndiyo ngumu kuliko zote. Pwani, mwili wa shaba na U ya chuma kisichoshika kutu. Ikikwama, usiimiminie mafuta ya kupikia! Yanakamata vumbi yanageuka gundi. Chonga penseli, ule unga mweusi upulize ndani ya tundu, ingiza ufunguo na kuuzungusha mara kadhaa.

Cha tano: vitasa vya namba na alama ya kidole

Vinavutia, na kwa mwenye chumba cha wageni vina kazi: mgeni akiondoka unabadilisha namba, humfuati mtu stendi kudai ufunguo. Lakini vingi vina tundu la ufunguo wa dharura lililofichwa chini ya kifuniko, na nyuma ya kifuniko hicho mna silinda ya kawaida kabisa. Nguvu ya kitasa ni nguvu ya silinda hiyo. Uliza pia betri zikiisha unaingiaje. Vingine vina vituo viwili vya kugusisha betri ya volti 9 kutoka nje, na kisicho na njia yoyote mimi sikichukui. Kwa mlango unaopigwa jua la mchana na upepo wa bahari, ningesubiri.

Cha mwisho: kitasa cha duara

Kile cha kuzungusha kwa kiganja, chenye kitufe upande wa ndani. Chooni, sawa. Kwingine, kiache dukani.

Nje ya orodha kuna pingo: gogo au bomba la chuma linalolala kwenye vishikio viwili nyuma ya mlango. Wazee wa pwani walifunga hivyo, na usiku mkiwa ndani sioni kitasa kinacholishinda kwa bei yake. Halina ufunguo wa kuchongesha.

Jambo moja silipunguzii maneno: moto. Nyumba zetu nyingi zina nondo madirishani na grili mlangoni, na vitasa vinavyotaka ufunguo pande zote mbili. Usiku, moshi umejaa, taa hakuna, nani anajua ufunguo uko wapi? Kama kuna kioo au nondo karibu na kitasa, unalazimika kuwa na kitasa cha ufunguo ndani, maana mtu ataingiza mkono. Basi ufunguo wa ndani uwe na msumari wake mmoja, mbali na mkono wa mtu wa nje, mahali ambapo mtoto mkubwa anapafikia gizani, na usihamishwe hata siku moja. Pale ambapo mkono hauwezi kupenya, chagua kinachofunguka kwa ndani bila ufunguo.

Siku ya kufunga kitasa, kaa na fundi. Boksi lifunguliwe mbele yako, uhesabu funguo, na ubaki nazo zote yeye akijaribu kwa ule ulioshika wewe. Si kwamba fundi ni mwizi. Ni kwamba likitokea la kutokea, asiwe wa kwanza kutajwa. Kibati cha fremu kinachopokea ulimi ndicho mafundi wengi hukiharakisha kwa skrubu za nusu inchi zilizokuja na boksi. Nunua zako za inchi 3, zipite fremu zishike ukutani. Kwa mlango unaofungukia nje, angalia na bawaba: kama pini zake zinachomoka, ziwekewe nukta ya kuchomelea au zibadilishwe.

Kisha, kabla mlango haujafungwa hata mara moja, acha uwe wazi, toa ulimi na kuurudisha kwa kila ufunguo, pande zote mbili, mara kumi. Kitasa kipya kikiamua kukwama, kikwame ukiwa umeshika mlango mkononi, na fundi bado hajapanda bodaboda.