Kupanga sebule: karatasi au kompyuta?

Kwa vipimo, nachagua karatasi ya grafu. Kwa skeli ya 1:50, mita moja ni sentimita 2, hivyo sebule ya mita 4 kwa 3 inakuwa sentimita 8 kwa 6. Kata vipande vya sofa, meza na kabati kwa skeli hiyohiyo, visogeze upendavyo, na uache nafasi ya mlango kufunguka. Utajua kama njia imebanwa kabla fundi seremala hajapokea hela ya mbao.

Programu ya kuchora kwa kompyuta kama SketchUp inaishinda karatasi kwenye kimo: pazia, dari, rafu juu ya televisheni. Rangi usiiamini kwenye skrini. Paka kipande ukutani, ukitazame mchana, kisha usiku taa zikiwaka.