Nilimpa fundi nota za viola azitengeneze kwa klarineti: uzoefu wangu, Mwanza

Tuko wanne, tunapiga kwenye harusi na ibada. Mpiga viola wetu (viola ni kama fidla, ila kubwa kidogo na ya sauti ya chini zaidi) alihamia Dodoma, na hapa mjini viola si kitu cha kuazima kwa jirani. Tulichonacho ni kijana wa klarineti, mtulivu, nota anazisoma vizuri. Nikampelekea fundi mmoja wa nota, maeneo ya Kirumba, mstari wa viola wa kwarteti, yaani kipande cha vyombo vinne, ya mtunzi Haydn. Shilingi 60,000, nikalipa zote siku hiyohiyo.

Mazoezi ya kwanza, sebuleni kwangu Nyakato, hatukumaliza hata mstari. Sisi tuko G, kijana yuko F! Fundi alikuwa amebadilisha ufunguo tu, ile alama ya mwanzo wa mstari inayoonyesha nota zisomwe vipi: ameondoa wa alto wa viola akaweka wa treble wa klarineti, basi. Klarineti ya Bb ukiiandikia C inalia Bb, toni nzima chini, kwa hiyo kila nota lazima ipande toni nzima. Mtoto wa bendi ya shule analijua hilo.

Nikarudi. Akapandisha. Lakini viola inashuka mpaka C, klarineti ile inaishia D. Zile C nyingine akaziacha palepale, chini ya mwisho wa chombo. Nyingine akazirusha oktavu nzima juu, zikaipita fidla ya pili iliyokuwa na wimbo, na wimbo ukapotea. Tena kuna nota ndefu ya vipimo vinne vya taratibu. Mwenye upinde anaugeuza tu. Anayepuliza apumue wapi?

Nikamuuliza kwa heshima, "Kaka, hizi C tutazipeleka wapi?" Hakuinua macho kwenye simu. "Dada, kama kijana wako hana pumzi tafuteni mwingine. Mimi nimemaliza." Na kijana mwenyewe amesimama pale, chombo mkononi.

Nisimdhulumu. Ukurasa wa pili kuna mahali alimpa selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, zile nota za chini, klarineti ikachukua za juu za selo. Pazuri mno, tulirudia mara tatu kwa raha tu. Kwa hiyo mwenye mstari mwepesi pengine ampelekee.

Hapana. Ndiyo kwanza ninaumia zaidi, maana kumbe anajua! Selo inazo C zote zile, angefanya hivyo kurasa zote. Mtunzi Brahms alipozitengeneza kwa viola sonata zake mbili za klarineti za 1894, alishusha vipande oktavu nzima na kuongeza nota za nyuzi mbili kwa pamoja, kwa sababu chombo kimebadilika. Huyu kwake ni kunakili na kupokea hela. Msimpelekee.

Kurasa zilizobaki nilizirekebisha mwenyewe kwa penseli, usiku kucha, alama za pumzi nikamwachia kijana aziweke anapoweza. Harusi ya Capri Point tulipiga. Hela sizidai. Ninachodai ni amwombe yule mtoto radhi.