Kamba ya nailoni ya milimita 16 kwa wanaokaa chomboni miezi ya kaskazi

Wastaafu wa Ulaya wanaokimbia baridi na kuishi ndani ya mashua zao hapa Mombasa, Desemba hadi Machi, huulizia kwanza paneli za sola na friji. Kamba za kufungia chombo huzikumbuka mwisho. Zingetangulia, kwani kamba mbaya humwamsha mzee wa miaka 70 saa nane za usiku kwenda kulegeza na kukaza.

Maji yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti hupita mita 3. Kwenye gati linaloelea hakuna shida. Kwenye gati la mawe, piga hesabu: kamba ya mita 4 iliyonyooshwa maji yakiwa yamejaa itadaiwa kurefuka mita 1 nzima maji yakishuka mita 3. Chombo kitaning'inia, na chuma cha kufungia kitang'oka sitahani. Kamba ya mita 12 itadaiwa sentimita 37 tu, na nailoni huzitoa bila taabu. Kwa mashua ya futi 36 hadi 40, chukua vipande vinne vya mita 12 hadi 15: kimoja cha omo (mbele), kimoja cha tezi (nyuma), viwili vya mshazari.

Nailoni ya nyuzi tatu ya milimita 16 huhimili takriban tani 5 ikiwa mpya, na ikilowa hupungua kidogo. Ya milimita 12 ina bei nafuu zaidi, ila hukata viganja, na mikono yenye baridi yabisi haiiwezi.

Dukani ukiambiwa manila ya plastiki ni nailoni, omba kipande ukitie kwenye ndoo ya maji. Nailoni huzama, manila huelea. Manila hiyo hairefuki vya kutosha, na jua letu huila mpaka ikatoa unga.

Kasoro ya nailoni inatokana na uzuri wake. Kwa kuwa hurefuka na kurudi mchana kutwa, husugua mahali pale pale: ukingoni mwa chombo, na kwenye nguzo zenye chaza, ambao hukata kama wembe. Ivike kipande cha mpira wa kumwagilia bustani cha sentimita 60, toboa ncha zote mbili, kisha ushone kwa uzi mnene kwenye kamba. Mpira usioshonwa huhama, na usiku mmoja wa upepo unatosha kuharibu.

Kitanzi kisukwe, kisifungwe fundo. Fundo huweza kula karibu nusu ya nguvu. Fungua nyuzi sentimita 30, choma ncha, pitisha kila uzi juu ya mmoja na chini ya mmoja, mara 5. Mara 3 zinazotosha kwa katani hapa hazitoshi, nailoni ni telezi. Manahodha wa majahazi Bandari ya Kale wanaijua kazi hii vizuri.

Isuuze kwa maji ya mvua au ya bomba. Ya kisima chenye chumvi huiacha ngumu vile vile. Msimu ukiisha, geuza ncha ya chombo iwe ya gati.

Isitumike kupandishia tanga, italegea, wala kuvutia kidau: huzama na kunasa kwenye rafadha, yaani panga la injini. Hapo ndipo manila inayoelea inafaa.