Caravan au ndege kubwa? Nimerusha zote mbili, haya ndo maoni yangu juu ya kazi ya urubani

Kila wiki napata meseji za vijana waliomaliza form six wanauliza, dada, hivi urubani unalipa? Na kila nikijibu kwa mistari miwili naona kama nimewadanganya maana jibu la kweli halienei kwenye meseji. Kwa hiyo leo nimekaa chini niandike yote, mazuri na mabaya, vile ambavyo mtu angekueleza kuhusu simu aliyoishi nayo miaka na sio ile aliyoiona dukani. Nimerusha Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, karibu miaka mitano, kwanza Dar afu Arusha, na tangu 2023 ni rubani msaidizi kwenye ndege ya propela mbili inayobeba abiria sabini na ushee. Kampuni zote mbili sizitaji.

Tuanze na kiingilio. Leseni ya biashara, ile CPL, inataka masaa 200 ya kuruka, au 150 kama umesoma kozi ya mfululizo kwenye chuo kilichoidhinishwa, na kila saa unailipia mwenyewe kwa dola. Ukiweka IR, kibali cha kuruka kwa kutegemea vifaa bila kuona nje, na kibali cha injini mbili unaongelea makumi ya maelfu ya dola. Kwetu lilitoka shamba la michungwa la Muheza, baba aliliuza lote, mjomba akaongezea iliyobaki, nikaenda kusoma Afrika Kusini. Watu wanadhani gharama inaishia hapo. Mi iliyoniumiza ni ile miezi 14 baada ya kurudi na leseni mfukoni, nina masaa 210, na kila ninapopeleka CV naambiwa wanataka 500, sasa 500 utazipata wapi kama hamna anayekupa kazi? Na huku saa ya leseni inatembea, medikali, yaani cheti cha afya, ya daraja la kwanza inaisha kila baada ya miezi 12 na kuipima upya ni hela, na ili uruhusiwe kubeba abiria lazima uwe umeruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90, kwa hiyo unakodi kindege cha mafunzo unaruka, unazunguka kiwanja mara tatu, unashuka, hela ya miezi imekwisha. Mi niliomba kazi ya kupima mizigo pale Terminal One Dar. Nilipima mabegi miezi minane, na hiyo ndo ilikuja kunipa kiti, kwa sababu marubani walinizoea na siku nafasi ilipotokea kapteni mmoja akasema huyu binti mumchukue. Kama una leseni na umekaa nyumbani unasubiri simu, toka, nenda kafanye kazi yoyote pale pale uwanjani.

Sasa Caravan yenyewe. Kwa wasioijua ni Cessna 208, injini moja, propela moja mbele, matairi hayaingii ndani, na huku kwetu inabeba abiria kumi na mbili, kumi na tatu, na rubani mmoja tu. Yaani ni wewe. Unapanga mizigo kwa uzito, unafunga mlango, unawaelekeza watu mikanda, unahesabu vichwa, unaenda mbele unawasha. Dar kwenda Unguja ni dakika ishirini, hujamaliza kupanda vizuri umeanza kushuka, na siku za msimu nilikuwa natua mara nane, mara tisa kwa siku. Jioni mkono wa kulia unauma. Lakini aisee kuruka nimejifunzia hapo! Kusi likipiga pale Unguja linakusukuma kutoka ubavuni, unalikabili kwa miguu na mikono yako mwenyewe. Kule Seronera kiwanja kiko juu kama futi elfu tano, saa saba mchana jua kali hewa nyepesi, ndege hiyo hiyo iliyoruka vizuri asubuhi inakula njia mpaka unaanza kuhesabu mawe ya pembeni, kwa hiyo unajifunza kumwambia mgeni begi lako limezidi kilo 15 halipandi, hata kama analia, hata kama meneja wa kambi anapiga simu kwa bosi wako. Viwanja vingine unapita chini kwanza bila kutua ili pundamilia watoke njiani afu unazunguka ndo unatua.

Na watu unawaona. Hiki ndo kitu ninachokikosa kuliko vyote. Siku moja mama yangu mzazi alikuwa anaenda Pemba kwenye msiba, akapanda kutokea Tanga, rosta ikawa ni yangu, na kwa vile tunaruka rubani mmoja kile kiti cha kulia mbele abiria anaweza kukaa, nikamkalisha pale. Hakusema neno njia nzima, ameshika khanga yake usoni. Tulipoanza kuiona Pemba, ile kijani yake na visiwa vidogo vidogo pembeni, akaniuliza mwanangu, kumbe lile shamba la michungwa liliingia huku? Nikamwambia ndio mama. Ile safari nisingeipata kwenye ndege nyingine yoyote.

Ubaya wa Caravan ni hela, tena sio udogo wake, ni kupanda na kushuka kwake. Mshahara wa msingi ni mdogo afu kuna posho ya kila saa uliloruka, kwa hiyo Julai na Agosti unajisikia tajiri, inafika Aprili masika imeshika, kambi nyingi za kusini na Serengeti zimefunga, unaruka masaa ishirini mwezi mzima na kodi ya nyumba haijui habari za masika. Usikope kwa hesabu ya Agosti, mi nilikopa. Afu ikaja 2020, anga likafungwa, na hata lilipofunguliwa tarehe 18 Mei watalii hawakuja siku ya pili yake, ndege zimepangwa pale zimefunikwa injini, posho ya masaa ni sifuri, ule mshahara wa msingi wenyewe wakaukata nusu. Tulikuwa marubani tunauza samaki.

Na kuwa peke yako mbele kuna uzito wake. Wingu limeziba njia ya Mafia, nyuma una familia yenye watoto, mafuta yapo ya kurudi, ofisi inasema mwenzio kapita sasa hivi. Uamuzi ni wako, hamna wa kumuuliza unaonaje. Nimerudi na abiria mara nyingi tu na nikasemwa, na ningerudi tena. Kijana asiyeweza kusemwa na bosi bila kuyumba, kwa kweli Caravan asiiguse.

Ndege kubwa inatibu mengi ya hayo. Mko wawili, mmoja anarusha mwingine anaangalia na kuongea na redio, na mwenzako ana haki ya kukwambia hapana hapa turudi. Kuna rada ya hali ya hewa, kuna mtu wa kupanga mizigo, mshahara unajulikana mwezi hadi mwezi, bima ya familia ipo. Mama analala. Na nikisema mama analala namaanisha alikuwa halali tangu tarehe 6 Novemba 2022, siku ile ATR, ndege ya abiria ya propela mbili, ya kutoka Dar ilipoingia ziwani Bukoba, watu 43 ndani, 19 hawakutoka, marubani wote wawili wakiwemo. Mi nilikuwa bado kwenye Caravan, wala sikuwa na uhusiano na ndege ile, lakini mama alipiga simu kila siku asubuhi na jioni kwa miezi. Sisi wa kazi hii tulikaa kimya wiki nzima. Mtu akikuuliza hatari ya kazi unamjibu kwa hesabu, kwamba ndege ni salama kuliko barabara ya Segera, na ni kweli, ila wale wawili walikuwa wenzetu na hesabu haikusaidia kitu siku ile.

Mabaya ya ndege kubwa hayaonekani kwa nje. Kwanza bondi. Kampuni inakulipia mafunzo ya aina ya ndege, tunaita taipu, unapelekwa nje kwenye simuleta, mashine inayoigiza ndege, kwa wiki kadhaa, na kabla hujaondoka unasaini kwamba utafanya kazi miaka mitatu, ukiondoka kabla unalipa deni. Hilo ni haki yao, siligombi. Ninacholaumu ni kwamba wa kwetu deni halipungui, ukiondoka mwezi wa pili au mwezi wa 34 unadaiwa kiasi kile kile, na nilisaini bila kusoma vizuri kwa sababu nilikuwa na furaha. Soma. Mpe na mwanasheria asome.

Pili rosta. Imeandikwa kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, sisi tuko masaa matatu mbele, kwa hiyo ukiona 01:00 maana yake uwe umesharipoti saa kumi alfajiri, na hiyo inamaanisha gari limekuja saa tisa usiku, na kuamka saa nane. Siku nne mfululizo za hivo afu ya tano unapangiwa zamu ya usiku. Ulaya wameweka kikomo cha kuruka masaa 900 kwa mwaka na watu wakisikia 900 wanasema mbona kidogo, ofisini watu wanafanya elfu mbili! Hawahesabu kusubiri, kuripoti, stendbai ya kukaa nyumbani umevaa sare simu mkononi. Uchovu wa hii kazi ni mwingine kabisa. Na kila miezi sita unapimwa upya kwenye simuleta, wanakuzimia injini, wanakuwashia moto, ukifeli kazi inasimama mpaka urudie ufaulu. Sijui kazi nyingine ambayo mtu wa miaka ishirini kazini anafanya mtihani wa kumtoa kazini mara mbili kwa mwaka.

Na mwili wako ndo leseni yako. Presha ikipanda, sukari ikaonekana, umeshuka. Ukirusha abiria peke yako, ukishafika miaka 40 medikali inakuwa kila miezi sita, na mwisho ni miaka 60, mkiwa wawili mbele unaweza kufika 65. Kwa hiyo hapo ndege kubwa inashinda, inakupa miaka mitano zaidi ya kulipia ada za watoto.

Wadogo zangu wa kike hapa nawaomba msome taratibu. Mwanamke mjamzito, kama mimba haina shida na daktari wa anga ameridhika, taratibu za kimataifa zinamruhusu kuruka kuanzia mwisho wa wiki ya 12 hadi mwisho wa wiki ya 26. Nje ya hapo uko chini. Mi 2024 nilipopata mimba nilitoa taarifa siku ile ile kama inavyotakiwa, na kampuni ikaniweka kiti cha ofisini na posho zote za kuruka zikakatwa kuanzia siku hiyo mpaka nilipomaliza likizo na kurudi simuleta, karibu mwaka na nusu kwa jumla kwa sababu hata zile wiki ninazoruhusiwa hawakunipangia. Hamna aliyenitukana, walinipongeza wakaleta na keki. Ila mshahara ulibaki robo tatu na muda wa bondi ukasimamishwa kuhesabiwa miezi yote hiyo, yaani ule mwaka na nusu hauingii kwenye mitatu yangu.

Maoni yangu sasa. Caravan naipa nyota nne na nusu, ile nusu imeenda na masika. Ndege kubwa nyota tatu, na kama una watoto, wazazi wanaokutegemea na mkopo wa nyumba, zifanye nne. Ila hawa vijana wanaopita kwenye Caravan miezi kumi wakikusanya masaa na jicho lote liko kwenye Airbus, mi nawaambia kaeni, angalau misimu miwili ya mvua, kwa sababu kule kwenye viti viwili kapteni wangu anajua ndani ya wiki moja nani ametokea viwanja vya vumbi, na ananiachia ndege kwenye upepo.

Ukiitwa interview, uliza bondi inapungua kila mwezi au haipungui. Uliza kama kuna bima ya kupoteza leseni kwa ugonjwa. Uliza rubani mjamzito analipwaje na miezi yake inahesabiwaje, hata kama wewe ni mwanaume uliza, na majibu yaandikwe kwenye mkataba kabla hujashika kalamu. Mi niliuliza hilo la tatu nikajibiwa kwa mdomo, na yule aliyenijibu ameshaacha kazi.