Kadi ya kuongeza diski: nzima kabisa, na ndiyo inayoniudhi

Jamani, naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Kadi hii ndogo ya kuongeza nafasi za diski kwenye kompyuta ya mezani inafanya kazi. Diski zinasomeka na hakuna faili hata moja iliyopotea. Ingekuwa mbovu ningeirudisha, yakaisha.

Kompyuta yenyewe ni kuukuu, nimeifanya seva ya nyumbani: picha za familia, nakala za hifadhi, mambo hayo. Haizimwi. Na kisichozimwa kinakula umeme hata kikiwa kimekaa tu: wati 1 ikiwaka saa 24 mwaka mzima ni karibu uniti 8.8. Kwa hiyo nilikuwa nimeshaihangaikia. Kadi ya michoro niliing'oa, maana seva isiyo na skrini inaitakia nini? Vitu visivyotumika nikavizima kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta. Nikatumia powertop, programu ya Linux inayoonyesha prosesa inalala kwa kina gani. Kipima umeme cha kwenye soketi kikashuka hadi wati 29. Kwa mashine ya umri ule nilijiona bingwa.

Nikachomeka kadi. Wati 41.

Na diski nilikuwa sijaunganisha hata moja! Kadi yenyewe ni chipu moja yenye kipande cha bati kinachopata joto kidogo tu ukikigusa. Wati 12 isingeweza kuzila peke yake. Nikafungua powertop. Viini vya prosesa (core), kimoja kimoja, vilikuwa vinalala vizuri, lakini safu ya prosesa nzima, pale kwenye ngazi za usingizi mzito, ilikuwa 0.0% kuanzia juu hadi chini. Ninang'oa kadi, asilimia zinarudi. Naichomeka, sifuri.

Kumbe njia ya PCIe inayounganisha kadi na bodi ina utaratibu wake wa kupumzika, unaitwa ASPM, na kadi isipoukubali, prosesa hairuhusiwi kuzama usingizini. Ni kama mgeni asiyelala, wenyeji wote wanakesha naye. Wati 12 hizo kwa mwaka ni zaidi ya uniti 100, za kukesha tu.

Hapo bado sikuwa na hasira. Vifaa vina mambo yake. Nikamwandikia muuzaji kwa adabu, nikaambatanisha picha za powertop, nikauliza kama chipu ina programu mpya ya ndani ya kurekebisha hilo. Jibu: "Kaka, kompyuta yako ni ya kizamani. Kadi haina tatizo. Ukitaka kuokoa umeme, izime."

Izime! Seva! Mtu anayeuza vifaa vya seva! Nimeuliza kuhusu ASPM, nimejibiwa kuhusu swichi. Na kwenye boksi wameandika kwa herufi kubwa kwamba kadi inaokoa umeme. Nilipomkumbusha hilo hakujibu tena.

Nikaamua kuhamishia kila kitu kwenye diski moja kubwa iliyochomekwa kwenye bodi moja kwa moja. Diski za zamani za kuzunguka zinakula takribani wati 5 kila moja hata bila kazi, hivyo kupunguza idadi yake kulikuwa na faida pia. Kipimo kimerudi chini ya 30.

Kadi? Sikuitupa. Nimeiweka kwenye kompyuta nyingine ninayoiwasha mara moja moja kuchukua nakala, na huko, lazima niseme ukweli, haina kasoro. Ukitaka kadi ya mashine inayowashwa na kuzimwa, inunue bila wasiwasi. Nilikuwa nawapa nyota tatu, hata nne.

Ila wakati naandika hapa nimefungua tena ukurasa wao wa mauzo. Maelezo yameongezwa mstari: "Inafaa kwa seva za nyumbani zinazowaka saa 24." Nyota moja.